Sloti moja, kadi nne: Splita inaongeza nini kwenye kompyuta yako?

NA MWANDISHI WETU, KAKAMEGA

Fungua kompyuta ya mezani ya ex-UK, zile Dell OptiPlex na HP utakazozikuta kwenye saiba, kwenye ofisi za mawakili na kwenye vyumba vya kupanga vya wanafunzi kuanzia Lurambi hadi Sichirai. Ndani utaona sloti moja ndefu. Hapo ndipo kadi ya grafiki hukaa, na ni moja tu. Kando yake pana sloti fupi ambayo mara nyingi hubaki tupu tangu kompyuta ilipotoka kiwandani.

Sloti hiyo fupi sasa ina wateja. Kwenye maduka ya mtandaoni panauzwa splita, kibao kidogo kinachochomekwa hapo. Kibao hicho hutoa kebo nne, na kila kebo huishia kwenye sloti ndefu ya kuchomekea kadi. Picha ya tangazo huwa ni ile ile: kadi nne zimepangwa juu ya fremu ya alumini, feni zinazunguka, taa zinawaka.

Picha hiyo huvuta watu wa aina tatu. Yupo mwanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro (MMUST) ambaye mradi wake wa mwaka wa mwisho ni modeli ya lugha. Yupo mpiga video za harusi aliyeanza kutengeneza michoro ya pande tatu kwa programu ya Blender. Na yupo kijana aliyeambiwa na rafiki kwamba mashine ya namna hiyo ukiiacha usiku kucha, asubuhi utakuta imekuzalishia pesa.

Muuzaji atawaambia wote watatu kwamba splita inawafaa. Ukweli ni kwamba mmoja atapata anachotaka, mmoja atapata nusu, na mmoja atapata bili ya stima.

Vifaa hivi vilitoka wapi

Kuunganisha kadi zaidi ya moja si wazo geni, wala si la wababaishaji. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alifundisha modeli ya kutambua picha kwa kadi mbili za michezo aina ya GTX 580 ndani ya kompyuta moja, nyumbani kwa wazazi wake. Kila kadi ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3. Modeli haikutosha kwenye moja, akaigawa mara mbili. Kazi ilichukua siku tano hadi sita. Modeli hiyo, AlexNet, ndiyo iliyoamsha dunia kuhusu akili unde ya leo.

Lakini splita, na raiza zinazopeleka sloti mbali kwa kebo, tunazoziona sokoni hazikutoka maabara. Zilisambazwa na wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Kuanzia mwaka 2017, tamaa ya sarafu ya Ethereum ilipopanda, kampuni zilianza kuunda mazabodi za kazi hiyo tu: ASRock ikatoa yenye sloti 13, Asus ikatoa yenye sloti 19. Asiyepata mazabodi hizo alinunua raiza na splita, akatundika kadi kwenye rafu za chuma au za mbao.

Kisha tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha mfumo wake. Tangu siku hiyo mtandao huo hauhitaji kadi za grafiki hata moja kuthibitisha malipo, na matumizi yake ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99. Maelfu kwa maelfu ya kadi zikamwagwa kwenye soko la mitumba kote duniani, pamoja na raiza zake.

Kakamega inaijua homa ya namna hii. Dhahabu ilipogunduliwa hapa mwaka 1931, walowezi walimiminika, serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji mwaka uliofuata ili kuwapisha, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi ukafungwa mwaka 1952. Waliofika mwisho walikuta mashimo. Anayenunua mashine ya kadi nne leo ili achimbe Ethereum hata shimo hatalikuta.

Na Bitcoin? Hiyo huchimbwa kwa mashine maalumu zinazoitwa ASIC, ambazo hazifanyi kazi nyingine yoyote. Hapa Kenya, kampuni ya Gridless iliyoanza mwaka 2022 huweka mashine hizo karibu na vituo vidogo vya umeme wa maji, mahali ambapo umeme wa ziada hauna mnunuzi. Kijana wa Amalemba anayenunua tokeni za Kenya Power kwa bei ya rejareja hawezi kushindana nao kwa kadi za grafiki. Huyo tumalizane naye hapa.

> Splita huzidisha sloti. Haizidishi njia za data, wala haizidishi wati.

Njia moja, wasafiri wanne

Mwanafunzi na mpiga video wanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu kwao jibu linategemea kazi.

Sloti za kadi hutumia mfumo wa PCI Express. Sloti ndefu ina njia 16 za data. Katika toleo la tatu la mfumo huo, kila njia hupitisha karibu gigabaiti moja kwa sekunde, kwa hiyo sloti nzima hupitisha karibu gigabaiti 16. Sloti fupi ina njia moja tu. Kwenye kompyuta nyingi za ofisini za miaka ya nyuma, sloti fupi ni ya toleo la pili: nusu gigabaiti kwa sekunde, basi.

Raiza hufanya kazi moja rahisi. Huchukua njia hiyo moja na kuipeleka mbali kwa kebo, hadi kwenye kibao chenye sloti ndefu. Kadi ndefu inakaa vizuri lakini inapumua kwa njia moja. Tahadhari kwa fundi: kebo hiyo ni ya umbo la USB 3.0, ila haibebi USB. Ukiichomeka kwenye tundu la USB la kompyuta, usishangae tundu likiungua.

Splita inaenda hatua moja mbele. Ndani yake pana chipu inayoongoza data kwa zamu, na kadi zote nne hugawana ile njia moja. Kompyuta itaziona zote nne na programu itaziorodhesha. Tatizo hujitokeza pale zote zinapotaka kuzungumza kwa pamoja.

Ipo splita ya aina nyingine ambayo wauzaji huichanganya na hii. Hiyo huchomekwa kwenye sloti ndefu na kuigawa njia nne nne, kadi nne zikapata gigabaiti karibu nne kila moja. Hiyo ni bora mara nyingi. Ila haina chipu ya kuongoza. Kazi ya kugawa hufanywa na mazabodi yenyewe, na lazima BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, iwe na kipengele hicho. Kama haina, utachomeka kadi nne na kuona moja. Kompyuta za ofisini za ex-UK kwa kawaida hazina.

Hata splita ya kawaida ina sharti lake. Kadi za kisasa huomba nafasi kubwa katika anwani za kumbukumbu, na BIOS inapaswa kuwa na mpangilio unaoitwa Above 4G Decoding. Bila huo, kompyuta huweza kukataa kabisa kuwaka ikifika kadi ya tatu, na mwenyewe akadhani kauziwa kadi mbovu.

Kazi gani inavumilia njia nyembamba?

Uchimbaji wa sarafu ulivumilia. Kadi iliandaa faili moja kubwa ndani ya kumbukumbu yake, kisha ikakaa saa nyingi ikipiga hesabu na kurudisha majibu mafupi. Ndiyo maana splita zilisifiwa sana wakati ule. Sifa hizo zimehamishiwa kwenye matangazo ya akili unde bila kuulizwa swali.

Mpiga video wetu naye yuko salama. Katika Blender anaweza kuipa kila kadi fremu yake. Kadi hupakia mandhari, hutengeneza picha, huirudisha. Kupakia kutachelewa kidogo, lakini fremu moja ikichukua dakika tatu, sekunde chache za kupakia hazimuumizi. Sharti lake ni kwamba mandhari yote lazima ienee ndani ya kumbukumbu ya kila kadi; kadi nne za gigabaiti 6 kwake si kadi moja ya gigabaiti 24.

Mwanafunzi ndiye mwenye mtihani. Kazi zake ni mbili, nazo zinavuta kila moja upande wake.

Kazi ya kwanza ni kutumia modeli iliyokwisha kufundishwa. Modeli ya vigezo bilioni 70 iliyobanwa hadi biti nne kwa kila kigezo huchukua karibu gigabaiti 40. Kadi nne za RTX 3060, kila moja gigabaiti 12, zina 48 kwa jumla. Programu kama llama.cpp, iliyotoka mwaka 2023, hugawa tabaka za modeli kati ya kadi, na kinachopita kutoka kadi moja kwenda nyingine ni kidogo sana. Kupakia modeli kwa njia ya nusu gigabaiti kutachukua dakika moja na ushei. Baada ya hapo inajibu bila kusuasua kwa sababu ya splita. Hapa kadi nne za mitumba zinampa mwanafunzi wa Lurambi kitu ambacho kadi moja ya bei yake haiwezi kumpa.

Kazi ya pili ni kufundisha modeli. Njia ya kawaida ni kila kadi kushika nakala ya modeli, kupiga hesabu kwenye sehemu yake ya data, halafu zote kubadilishana masahihisho katika kila hatua. Modeli ya vigezo bilioni moja ina masahihisho ya gigabaiti 2 kwa kila kadi. Kadi nne ni gigabaiti 8. Kupitia njia ya nusu gigabaiti kwa sekunde, hizo ni sekunde 16 za kungojana tu, katika kila hatua, na hatua huwa maelfu. Kadi ya tatu na ya nne zinaweza kuifanya kazi iende polepole kuliko kadi moja peke yake.

> Kwa hesabu hiyo, kadi nne juu ya splita ya bei rahisi zinaweza kushindwa na kadi moja iliyokaa kwenye sloti yake.

Plagi inayoyeyuka

Hadi hapa tumezungumzia mwendo. Hatari kubwa iko kwenye umeme, na ajabu ni kwamba matangazo huigusa kwa mstari mmoja tu.

Sloti ya kawaida inaruhusiwa kuipa kadi hadi wati 75. Raiza haiwezi kuutoa umeme huo kwenye sloti fupi, kwa hiyo ina plagi yake ya kupokea umeme kutoka kwa pawasaplai. Raiza nyingi huja na waya wa kugeuza plagi ya SATA, ile ya diski. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye laini yake ya volti 12. Kadi ikivuta zaidi ya hapo kwa saa nyingi, plastiki hulainika, hugeuka rangi, kisha huyeyuka. Picha za plagi zilizoungua zilienea miongoni mwa wachimbaji kila kona ya dunia, na karibu kila mara kosa lilikuwa hilo. Plagi sahihi ni ya pini sita, ile ya kadi yenyewe.

Halafu kuna pawasaplai. OptiPlex ya ofisini huja na pawasaplai ya wati 240 hadi 300 hivi, na nyingi zina viunganishi vya Dell pekee ambavyo huwezi kubadilisha kwa pawasaplai yoyote ya dukani. RTX 3060 moja huvuta hadi wati 170. Nne ni wati 680. Ongeza prosesa, diski na feni, uko karibu wati 800.

Sasa piga hesabu ya mfukoni. Wati 800 kwa saa 24 ni yuniti 19.2. Kwa mwezi wa siku 30 ni yuniti 576. Tuseme yuniti moja, pamoja na kodi na tozo, inakugharimu Sh28: bili ni zaidi ya Sh16,000 kwa mwezi. Mashine ya kadi moja, kwa hesabu hiyo hiyo na wati 270, ingekula kama Sh5,400.

Wenye ploti wanalijua jambo hili kuliko wauzaji. Si bure kwamba vyumba vingi vya wanafunzi vina onyo dhidi ya koili na pasi, hasa pale mita ni moja na kodi inajumuisha stima. Mashine ya kadi nne ni koili isiyozimwa. Soketi ya ukutani ya ampea 13 inaweza kubeba wati 800 bila shida. Swali ni waya wa ekstensheni ya bei ya chini unaopita chini ya godoro, na nyumba ambayo waya wa ardhi haukuwahi kuunganishwa.

Kisha kuna radi. Kakamega ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi, na mvua zetu za alasiri hazitoi notisi. Mashine inayotakiwa kufanya kazi mchana kutwa bila kuzimwa iko hatarini kila wingu likikusanyika juu ya msitu wa Kakamega. Na hata bila radi, stima ina siku zake: usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilikaa gizani. Kazi ya kufundisha modeli isiyohifadhiwa kila baada ya muda huanza upya.

Splita, wingu au kadi moja?

Wanaotetea splita wana hoja nzito kuliko wakosoaji wanavyokubali. Kadi moja yenye kumbukumbu kubwa, mfano RTX 3090 ya gigabaiti 24, humeza wati 350 na bei yake haimkaribii mwanafunzi. Kadi ndogo hununuliwa moja moja, muhula huu moja, muhula ujao nyingine. Mtu hujenga mashine jinsi wengi wetu tunavyojenga nyumba, chumba kimoja kwanza.

Wanaotetea wingu huuliza kwa nini uteseke. Google Colab hutoa bure kadi ya T4 yenye gigabaiti 16. Kaggle hutoa bure saa zipatazo 30 kwa wiki. Hakuna plagi ya kuyeyuka, hakuna mwenye ploti wa kugombana naye.

Hoja hiyo inashika hadi unapokutana na data. Chukua sauti za Kencorpus, mkusanyiko wa Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya uliofanywa na watafiti wa vyuo vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene. Una saa 177 za sauti. Zikihifadhiwa kwa kiwango cha kawaida cha utambuzi wa usemi, ni karibu gigabaiti 20. Mwenye kutegemea bando la simu anajua maana ya kupandisha gigabaiti 20, na kurudia pale kipindi cha bure kinapokatwa katikati ya kazi.

Upande wa tatu, ambao mwandishi huyu anauunga mkono, unasema anza na kadi moja ya gigabaiti 12 kwenye sloti yake halali. Mbinu zimebadilika. Mwaka 2023 mbinu ya QLoRA ilionyesha kuwa modeli ya vigezo bilioni 65 inaweza kunolewa kwa kadi moja ya gigabaiti 48. Kwa mbinu hiyo hiyo modeli ya bilioni 7 huingia kwenye kadi ya 12. Modeli ndogo ya kutambua usemi ya Whisper ina vigezo milioni 244. Hiyo hainusi hata haja ya kadi ya pili.

> Saa 177 za sauti za lugha zetu ni karibu gigabaiti 20. Nani atazipandisha kwa bando?

Kiisukha hakimo

Kwa nini haya yote yatuhusu watu wa Kakamega? Kencorpus ilichukua lahaja tatu za Kiluhya: Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Vitovu vya lahaja hizo ni Busia, Vihiga na Bungoma. Kiisukha, Kiidakho, Kiwanga na Kikabarasi, lahaja za hapa Kakamega, hazimo katika tatu hizo.

Nairobi, mazungumzo ni ya mabilioni. Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza kituo cha data cha Dola bilioni moja kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria. Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde wa hadi mwaka 2030. Ni vizuri. Lakini sioni kituo cha mabilioni kikiamka asubuhi na kuamua kushughulikia Kiidakho. Kazi hiyo itafanywa na mwanafunzi mwenye nyanya wa kumrekodi huko Shinyalu au Ikolomani, na mwanafunzi huyo anahitaji mashine isiyounguza chumba.

Hapo ndipo idara za kompyuta za MMUST, Kibabii na Maseno zinapopaswa kuingia. Mashine moja yenye mazabodi ya seva, njia za kutosha kwa kadi nne, pawasaplai ya haki na UPS, ikiwekwa chini ya ratiba ya zamu, ingewahudumia wanafunzi wengi kuliko splita ishirini zilizotawanyika mabwenini. Vyuo hivi tayari vimeunganishwa na KENET, mtandao wa intaneti wa taasisi za elimu. Mwanafunzi angeweza kutuma kazi yake akiwa Lurambi na kuchukua matokeo kesho yake. Wakuu wa idara waliweke hilo kwenye bajeti kabla ya wanafunzi wapya kuripoti.

Na kwako uliyekwisha kununua splita, usiitupe. Anza na kadi mbili badala ya nne. Kila raiza ipate umeme kwa plagi ya pini sita, na ile ya SATA iache ndani ya karatasi yake. Punguza kiwango cha wati cha kila kadi kwa programu, kama wachimbaji walivyofanya, kwani kasi itashuka kidogo kuliko bili. Ukiuziwa kadi ya mitumba, iwashe saa nzima chini ya mzigo mbele ya muuzaji kabla ya kutuma pesa. Na ukisikia ngurumo, chomoa ukutani.